Mara ya kwanza ku Ziwa Kivu na wenzako: mambo ya kujua kabla ya kupanda bato

Wandugu na wadada, kila likizo ikikaribia wenzetu wa Kindu, Kisangani na Lubumbashi wanauliza swali moja: safari ya bato kutoka Goma mpaka Bukavu iko namna gani? Inafaa kwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga chombo cha maji? Mimi niliifanya mara ya kwanza mwezi wa Agosti 2023, pamoja na wenzangu watatu tuliosoma nao agronomi. Tangu pale mambo mengi yamebadilika mu miji yetu na ku barabara, lakini ziwa ni lile lile. Basi naeleza mambo mawili: kile mutaona, na kile munapaswa kuogopa. Juu wengi wetu tunaogopa kitu ambacho si chenyewe.

Tuanze na vyombo. Kuna kano za mbio zinazofanya masaa matatu hivi, kuna bato kubwa za polepole, zingine zinasafiri usiku kucha, na kuna mashua za mbao zenye moteri zinazoshona vijiji na visiwa. Kama munasafiri kwa kutazama, chagueni mchana. Usiku mutalala tu, na muamke Bukavu bila kuona kitu. Bebeni koti, hata kama jua linawaka: ziwa liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na upepo wake unaingia mu mifupa. Kiangazi, upepo wa kusini unavuma na unainua mawimbi. Sisi asubuhi maji yalikuwa kama kioo, lakini kufika saa nane mchana mmoja wetu alikuwa ameinamisha kichwa ndani ya sashe na hataki kusemeshwa.

Mukitoka Goma, mutaona mawe meusi ya volkano mpaka ku maji, na nyuma Nyiragongo. Volkano hizo njo zilizotengeneza ziwa lenyewe. Zamani sana maji ya bonde hili yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Milima ya Virunga ilipoinuka ikafunga njia, maji yakajaa, yakapata mlango kusini, na leo yanashuka kwa mto Ruzizi mpaka Tanganyika.

Halafu kunakuja Idjwi, kisiwa kikubwa mu katikati. Hapo mwana-agronomi hawezi kukaa kimya. Mabonde ni migomba, maharagi, mihogo na mananasi, na ku milima iko kahawa. Kahawa hiyo iko na historia nzito. Kwa miaka mingi wakulima wa kando ya Kivu hawakuwa na soko la maana kwao, basi waliivusha usiku kwa mitumbwi mpaka Rwanda. Wengi walizama pamoja na magunia yao, wakaacha wajane. Kooperative zilipoanza kununua kahawa huku huku, watu wakapunguza kuvuka. Mukinywa kahawa ya Idjwi, mukumbuke hayo.

Jioni ku Idjwi mutaona wavuvi wanatoka na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zinaning'inia, na wao wanaimba ili wapige kasia pamoja. Wanaenda kutafuta sambaza. Samaki huyo hakuwa wa Kivu: alitolewa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akawekwa humu juu maji ya katikati ya ziwa hayakuwa na samaki wa kuyatumia. Leo njo mboga ya watu wote.

Sasa tuje ku hofu. Mtu wa kwanza uliyemwambia unapanda bato atakwambia: «Ziwa iko na gazi, itakulipukia!» Gazi iko kweli. Mu maji ya chini kuna karibu kilomita kyubi 300 za gazi karboniki na 60 za metani. Ziwa Nyos la Kamerun lilitoa gazi yake Agosti 1986, likaua watu zaidi ya 1,700, kwa hiyo wataalamu wanaofuatilia Kivu hawafanyi mchezo. Lakini tuelewe inakaaje. Ziwa linafika mita 485 kwenda chini. Gazi nyingi imeyeyuka kule chini, imekandamizwa na uzito wa maji, sawa na gazi mu chupa ya bia ambayo haijafunguliwa. Maji ya chini yana chumvi nyingi na ni mazito, hayapandi ovyo. Hata upepo wa kiangazi unachanganya maji ya juu tu, kama mita 60. Moteri ya bato yako haiwezi kufika kule. Rwanda wanapandisha metani hiyo kwa mabomba na kuifanya umeme. Kwa msafiri, gazi ya kuangalia zaidi ni mazuku, ile inayotoka mu udongo na kulala mu mashimo ya kando ya ziwa upande wa Goma na Sake. Muoge pale wenyeji wanaoga, basi.

Kitu kinachoua watu ku Kivu mara kwa mara hakina siri: ni chombo kilichojaa kupita kiasi na abiria wasiokuwa na jile. Tarehe 3 Oktoba 2024, bato iliyotoka Minova ilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiona kutoka ng'ambo. Ndugu zetu kwa makumi walikufa pale. Barabara ya Goma–Minova ilikuwa imekatwa na vita, na wamama wa biashara hawakuwa na njia ingine isipokuwa maji.

Kwa nini bato inapinduka karibu na bandari, pale safari imekwisha? Fikirini chukudu. Ukipanga mizigo chini, inashuka mulima vizuri. Ukiipandisha juu sana, kona ndogo tu na imelala. Bato ni vile vile: magunia na watu wakiwa wengi ku sehemu ya juu, uzito unapanda, na chombo kinapoteza nguvu ya kujirudisha. Halafu bandari inaonekana, kila mtu anasimama, wanakimbilia upande mmoja ili washuke wa kwanza. Hapo hata wimbi dogo linatosha.

Sisi tulikutana na swali hilo kutoka Idjwi kwenda Bukavu. Mashua ilikuja, imejaa mananasi na watu, maji yamebakiza kama kiganja kimoja yaingie. Mwenzetu mmoja, dada asiyejua kuogelea, akasema: «Mimi hapa sipandi.» Mwingine alikuwa na testi ya kazi Bukavu kesho yake asubuhi. Alimsihi, akakasirika, akamwambia anatuharibia maisha. Mwenye mashua naye akacheka: «Dada, mbona hawa wamama wanapanda?» Dada akajibu: «Wao hawana siku ya kungojea. Mimi niko nayo.» Tulibaki. Mashua ile ilifika Bukavu salama. Testi ikapita bila mwenzetu, na kazi akaikosa.

Kuna wanaosema kwamba dada alikosea, juu mashua ilifika. Mimi nakataa. Mkulima anaweza kulima ku mteremko mkali bila fosi wala majani ya kushika udongo, na mwaka ule avune vizuri. Ile haionyeshi kama shamba liko salama. Inaonyesha tu kama mvua kubwa haijanyesha bado. Mwenzetu aliyekosa kazi alinuna wiki nyingi. Alianza kumsalimia tena dada yule mwaka uliofuata, mwezi wa kumi, kisha habari ya Kituku.

Kwa hiyo, mukiwa kundi:

Mukubaliane mbele, mungali nyumbani, kwamba mmoja akikataa chombo, wote mutangoja. Bandarini, hasira na haraka vinaamua kwa niaba yenu.

Muongeze siku moja na pesa kidogo ya siku hiyo. Bila siku ya ziada hamuna uwezo wa kukataa.

Muandikishe majina yenu yote ku liste ya abiria. Jina lisiloandikwa halitafutwi.

Muombe jile kabla ya kulipa, muivae na kuifunga tangu mwanzo. Ile ya kukalia kama mto haisaidii kitu.

Mukiona bandari, mukae. Bato ifungwe kamba kwanza.

Mukifanya hayo, mutabaki na nafasi ya kutazama Bukavu inavyokuja na rasi zake tano ndani ya maji, kama vidole vya mkono. Safari njema, na mutusalimie Idjwi.