KIPANYA KISIPOTII, MSHAHARA USICHELEWE

Ndugu wafanyakazi,

Katika mashamba na viwanda vyetu vya Gitega na Muyinga, kilo za kahawa na siku za kazi zinaandikwa siku hizi katika kompyuta. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na ofisi nyingi zikalazimika kuweka mfumo mpya. Baada ya hapo karani huona kipanya hakitembei. Hutangaza kwamba mashine imekufa, na mfanyakazi wa Giheta huambiwa angoje malipo. Mara nyingi mashine ni nzima.

Kipanya na mfumo havisemi lugha moja. Kati yao yumo mkalimani, programu ndogo iitwayo kiendeshi. Mfumo mpya ukija na mkalimani asiyefaa, kipanya huwa bubu. Dawa ni kumbadilisha mkalimani, na kazi hiyo hufanyika kwa vibonye peke yake.

Kwanza, tazama waya na betri. Jaribu tundu jingine, au kipanya kingine.

Pili, bonyeza kibonye cha Windows pamoja na R. Andika devmgmt.msc, kisha Enter. Orodha ya vifaa itafunguka.

Tatu, bonyeza Tab, shuka kwa mishale hadi kundi lenye picha ya kipanya, ulifungue kwa mshale wa kulia. Chagua kifaa, bonyeza Enter. Chenye alama ya njano ndicho chenye matatizo.

Nne, kwa Ctrl na Tab nenda kwenye ukurasa wa kiendeshi. Kama kipanya kilikufa baada ya kiendeshi kubadilishwa, rudisha cha zamani. Kama sivyo, agiza kipya kitafutwe. Ikishindikana, kiondoe kabisa, kisha zima na uwashe mashine. Windows itaweka cha kawaida yenyewe.

Kama bado, chukua kiendeshi kwa mtengenezaji mwenyewe, kwa kufuata namba iliyoandikwa chini ya mashine. Msikipokee kutoka kwa mtu msiyemjua: anaweza kuwaletea virusi pamoja nacho.

Ndugu, kazi hii ni ya dakika chache, si sababu ya kuchelewesha mshahara wa mtu. Wawakilishi wadai mambo mawili: karani afundishwe kabla mfumo haujabadilishwa, na kilo ziandikwe pia katika daftari. Kompyuta ikinyamaza, daftari litasema.

Umoja ni nguvu!