Hakurogwa, ilikuwa ni tansio

Mwenzetu mumoja wa shimo letu, upande wa Kabambare, alikuwa mutu wa nguvu kweli. Miaka 46, kifua kipana, gunia la muchanga alilibeba mwenyewe bila kuomba musaada. Tulimuita Muzee kwa heshima tu. Asubuhi moja, mwaka uliopita, alitoka chini, akakaa juu ya jiwe, akaomba maji. Kikombe kikamuponyoka. Mudomo ukaenda upande, mukono wa kuume ukaanguka kama si wake. Kabla hatujamulaza kwenye mukeka, habari ilikwisha kuzunguka mashimo yote: "Bamemuroga. Ni juu ya ule mushipa wa zahabu aliupata juzi."

Siku mbili zikapotea hivyo. Alipelekwa kwa mutu wa dawa za kienyeji, akapigwa chuku kwenye panda za uso, ukoo ukakaa kutafuta mwenye wivu. Siku ya tatu ndipo tukamupandisha pikipiki katikati ya mutu wa taksi na mudogo wake, wamefungwa pamoja kwa kitenge, mpaka Kasongo. Barabara ile munaijua. Munganga akamufunga kitambaa cha kipimo mukononi, akapuliza, akasikiliza, akarudia tena: 22 kwa 13. Akauliza, "Mara ya mwisho alipimwa tansio lini?" Bibi yake akatutazama sisi. Karibu miaka 20 kwenye machimbo, hajapimwa hata siku moja.

Mimi ni mutu wa sendika. Mambo ya bei, mizani na mushahara nayajua kuliko ya hospitali. Lakini toka siku ile nimesoma na kuuliza waganga, na nimeona kwamba habari hii ni ya kazi pia.

Muchimbaji anaijua motopompe. Maji yakijaa shimoni tunateremusha mupira, tunawasha mashine. Ukiubana ule mupira na mashine ikaendelea kusukuma, mupira unavimba, na siku moja unapasuka, tena pale palipochoka. Moyo ndiyo mashine, mishipa ya damu ndiyo mipira. Tansio ni ile nguvu ya damu kusukuma ukuta wa mushipa. Namba ya juu ni wakati moyo unajikamua, ya chini ni wakati unapumzika kati ya pigo na pigo. Kwetu waganga wanasema 12 kwa 8. Mashine za betri zinaandika 120 kwa 80, ni kitu kimoja. Ikionekana 14 kwa 9 au zaidi, siku mbalimbali, hapo ni ugonjwa.

Tofauti ni kwamba mupira wa motopompe unauzwa sokoni. Mushipa ni kitu chenye uhai. Ukisukumwa kupita kiasi mwaka juu ya mwaka, ukuta wake unanenepa, unakakamaa, nafasi ya ndani inapunguka, mafuta yanapata pa kushika. Sasa moyo unalazimika kusukuma zaidi, na mushipa unaumia zaidi. Mishipa midogo ndiyo inalia ya kwanza: ya ubongo, ya macho, ya figo. Ukipasuka au kuziba mumoja wa ubongo, mutu anapooza upande. Waganga wanaita AVC. Sisi tunasema amerogwa.

Na haina kelele. Vijana wananiambia, "Miye sina tansio, kichwa hainiume." Wengi wenye tansio kichwa hakiwaumi hata kidogo. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, liliandika mwaka 2021 kwamba watu bilioni 1.28 wenye miaka 30 mpaka 79 wana tansio ya juu, na karibu nusu yao hawajui. Kujua ni kupimwa, basi. Na kipimo chenyewe si kitu kipya: kitambaa cha kufunga mukono ni cha Muitalia Scipione Riva-Rocci, mwaka 1896, na namna ya kusikiliza damu kwa vyombo vya masikio ilionyeshwa na Murusi Nikolai Korotkov mwaka 1905. Zaidi ya miaka 100!

Kuna jambo moja lilinishangaza katika kusoma kwangu. Zamani vitabu viliandika kwamba tansio ni ugonjwa wa wazungu. Mwaka 1929 munganga Muingereza jina lake Donnison, aliyefanya kazi Kisii huko Kenya, aliandika katika gazeti la waganga, The Lancet, kwamba alipima wanaume 1,000 wa vijijini. Kwa wale waliopita miaka 40, tansio haikupanda na umri, ilishuka. Hakudanganya, ndivyo alivyoona. Watu wale walilima, walitembea, na chumvi ilikuwa kidogo.

Sasa ni nini kilibadilika? Damu yetu ni ileile. Mwaka 1969 Gerald Shaper na wenzake walitangaza habari ya vijana Wasamburu wa Kenya, wachungaji wa kunywa maziwa, walioingizwa jeshini. Wakiwa kwao, tansio yao ilikuwa chini. Walipokaa jeshini na kula chakula cha kambi, ikapanda. Halafu mwaka 1990 munganga Neil Poulter na wenzake wakatoa utafiti wa Wajaluo wanaotoka vijijini magharibi ya Kenya kwenda Nairobi kutafuta kazi. Waliwafuata wale waliohama, wakawalinganisha na wenzao waliobaki kijijini. Tansio ya waliohama ilipanda toka miezi ya kwanza. Miezi, si miaka! Walipopima mukojo wao waliona chumvi imezidi, na potasiamu, ile tunayopata katika ndizi, maharagi na majani, imepunguka. Moyo nao ulipiga mbio zaidi.

Tanzania walihesabu matokeo yake. Kati ya 2003 na 2006 watafiti waliandika kila mutu aliyepatwa na AVC ya kwanza katika sehemu mbili, wilaya ya Hai, ambayo ni ya vijijini, na Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, Hai walikuwa karibu 109 kwa watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam 316. Karibu mara tatu.

Niliposoma habari ya wale wa Nairobi nilijiona mimi mwenyewe. Kijana anatoka Samba au Lusangi, kwao anakula mupunga, sombe, ndizi, samaki mubichi wa muto. Anafika machimbo ya Namoya au Salamabila. Hapa hakuna shamba. Anakula makayabu ya chumvi, kube mbili ndani ya sufuria moja, mukate na chai ya sukari. Usiku lotoko na sigareti, usingizi saa nne, deni kwa mwenye shimo, woga wa watu wenye silaha. Hatukwenda Nairobi, lakini safari ni ileile. Wengine wananijibu kwamba muchimbaji anatoka jasho, lazima chumvi. Jasho ni kweli. Lakini OMS inasema mutu mukubwa asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kidogo cha chai kimoja, na ndani yake umehesabu makayabu na kube pia. Kile jasho linataka kwanza ni maji.

Kuna kitu kingine ambacho sisi wa machimbo tunakipita mbio: vidonge vya maumivu. Mugongo unauma, mabega yanauma, kila jioni mutu ananunua diklofenak au ibuprofen kwa mutoto wa meza, anameza mbili, kesho tena. Dawa hizi, zikimezwa kila siku, zinapandisha tansio, zinaumiza figo, na kwa mutu aliyeanza dawa ya tansio zinaipunguzia nguvu dawa ile. Muzee wetu alizimeza miaka na miaka. Nami pia nilizimeza, siwezi kumucheka. Parasetamoli kwa kiasi chake haina ubaya huo kwa figo. Na pale ambapo zebaki inatumika kukamata zahabu, moshi wake unapochomwa unaingia mapafuni na kufika mpaka kwenye figo. Figo ndizo zinaamua kiasi cha maji na chumvi mwilini. Zikiharibika, tansio inapanda.

Je, dawa zinasaidia kweli? Swali hilo lilikuwa kubwa hata kwa waganga. Mwaka 1967 Edward Freis na wenzake huko Marekani walichukua wanaume 143 waliokuwa wanajeshi wa zamani, wenye tansio mbaya sana. 73 walipewa dawa, 70 walipewa vidonge visivyo na kitu ndani. Kati ya wale 70, watu 27 walipatwa na madhara makubwa. Kati ya 73 wenye dawa, watu 2. Toka siku hiyo ilikuwa vigumu kwa munganga kusema tansio mbaya namna ile iachwe.

Na kwa watu weusi tuna utafiti wetu, si wa kuazima. Mwaka 2019 ulitoka utafiti unaoitwa CREOLE, uliofanyika katika nchi 6: Nigeria, Afrika Kusini, Kameruni, Kenya, Uganda na Msumbiji, na wagonjwa 728. Walijaribu dawa tatu mbili-mbili. Wagonjwa waliopewa amlodipine pamoja na nyingine, iwe hydrochlorothiazide au perindopril, walishuka zaidi kuliko wale ambao hawakupewa amlodipine. Amlodipine na hydrochlorothiazide ni dawa za zamani, kila kiwanda cha dawa kinaweza kuzitengeneza, si za matajiri. Lakini usiende kununua peke yako kwa jina hili nililoandika. Munganga anapima kwanza, anauliza habari ya figo na ya mimba, halafu anachagua.

Dawa hizo humezwa kila siku, hata siku unajisikia muzima. Unajisikia muzima sababu unameza. Wanaume wengi wanaacha kwa kuwa waliambiwa zinamaliza nguvu za kiume. Tuseme wazi: kuna dawa za tansio ambazo zinaweza kuleta shida hiyo kwa watu wengine. Lakini mishipa ya pale nayo ni mishipa, na tansio yenyewe inaiharibu. Ukiona shida, mwambie munganga abadilishe kidonge, usitupe. Na mama zetu wenye mimba wapimwe kila wanapokwenda kliniki, maana tansio ya mimba inaweza kuua mama na mutoto kwa siku chache.

Wapi tutapimiwa? Hapa lazima niseme kitu juu ya Kasongo, sababu vijana wetu hawajui. Katika miaka ya 1970 waganga wa hapa pamoja na wa Chuo cha Dawa za Nchi za Joto cha Antwerp walijenga hapa namna ya kutunza watu: kituo cha afya karibu na kijiji, muganguzi anayejua watu wake na kuandika karatasi ya kila mutu, na hospitali moja kubwa ya kupokea wale waliozidi. Walipima pia kama chanjo ya surua inaokoa watoto, na matokeo yalitoka katika The Lancet mwaka 1981. Mpaka leo wanafunzi wa afya ulimwenguni wanasoma jina la Kasongo. Ile karatasi ya kila mutu ndiyo tansio inahitaji: tarehe, namba, dawa, siku ya kurudi. Jengo refu halihitajiki.

Kwa wale wenye kontra katika kampuni: Kodi ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamulazimisha mwenye kazi atunze afya ya mufanyakazi na jamaa yake. Kwenye visiti medikale ombeni tansio ipimwe na namba iandikwe, nanyi mubaki na nakala. Kwa sisi tunaochimba kwa mikono hakuna mwenye kazi wa kudai. Tuna koperative. Koperative inakata kila wiki kitu kidogo kwa kila shimo, na kipimo kimoja kinaweza kutumika na mashimo mengi. Nilileta neno hili mukutanoni mara mbili. Mara ya kwanza walicheka. Ya pili, mwenye shimo mumoja akauliza kipimo kinauzwa ngapi.

Kikija, tupime vizuri. Mutu akae dakika tano, mugongo umeegemea, miguu chini, mukono juu ya meza, asiongee, asiwe amevuta sigareti au kunywa kahawa nusu saa kabla. Ikipanda, arudi siku nyingine. Usipime mutu anayetoka shimoni anahema, utamutisha bure.

Muzee yuko hai. Anakaa mulangoni Kasongo, anachambua mupunga na mukono wa kushoto, maneno yanatoka polepole lakini yanatoka. Bibi yake hajui kusoma. Anachora mustari wa makaa ukutani kila akimupa kidonge asubuhi, na mistari ikifika 25 anamutuma mutoto na baiskeli kituoni kabla dawa haijaisha. Mwezi wa mwisho alikuwa 15 kwa 9. Munganga amesema bado iko juu, ameongeza kidonge cha pili. Mudogo wake, yule wa kwenye pikipiki, naye alipimwa siku ileile: miaka 34, 16 kwa 10. Yeye bado anashuka shimoni kila siku.