Ukijidunga insulini, chunga sukari isishuke mno

Je, wewe hujidunga insulini, na umewahi kutokwa jasho, kutetemeka na kuhisi njaa kali ghafla, hasa ulipochelewa kula? Hizo ni dalili kwamba sukari imeshuka mno, yaani chini ya 4 kwenye mashine ya kupimia.

Usingoje chapati iive. Koroga vijiko vidogo vinne vya sukari katika maji, unywe mara moja. Baada ya dakika 15 jipime tena. Ikiwa bado iko chini, rudia. Ikipanda, ndipo ule chakula. Mgonjwa aliyezirai asitiwe chochote kinywani, maana chaweza kumpalia. Akimbizwe hospitalini.

Athari nyingine ni vinundu chini ya ngozi. Hivi hutokea unapojidunga mahali pamoja kila siku kwa kuwa hapaumi tena. Insulini haifyonzwi sawasawa penye kinundu: leo sukari hupanda, kesho hushuka. Badilisha mahali, kama vile tumboni na mapajani. Lakini ukihama kutoka penye kinundu, jipime mara nyingi zaidi, kwani kipimo kile kile chaweza kuishusha sukari kupita kiasi.

Usiache dawa kwa kuogopa athari hizi. Mwone daktari wako akupangie kipimo upya.