Mnyaa ni Mlinzi Mwema, Lakini Maziwa Yake ni Moto

Mtu apandaye kutoka ufukwe wa Ziwa Kivu, mjini Gisenyi, kuelekea vilima vya Wilaya ya Rubavu, hakosi kupita kando ya ua wa kijani usioonyesha majani. Matawi yake ni ya mviringo, membamba mithili ya penseli, nayo yamesongamana hata kuku hupenya kwa shida. Wenyeji huuita mti huo umuyenzi. Kwa Kiswahili ni mnyaa, na wataalamu wa mimea huuita Euphorbia tirucalli, jina ulilopewa na Carl Linnaeus mwaka 1753.

Wengi wetu tunaujua mti huu tangu utotoni. Ndio uliozingira nyumba za wazazi wetu. Ndio uliotenganisha shamba la mtu na la jirani yake. Kabla ardhi ya nchi hii haijaandikishwa kiwanja kwa kiwanja, kazi kubwa iliyofanywa kati ya mwaka 2009 na 2013, safu ya minyaa mara nyingi ndiyo iliyokuwa shahidi wa mpaka. Ng'ombe na mbuzi huuepuka. Hauombi maji wala mbolea. Kwa sababu hiyo hupandwa pia kandokando ya kambi na nyumba za askari wenye familia. Lakini kuijua sura ya kitu si kuijua tabia yake, na hilo tulijifunza kwa gharama.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kambi moja tuliyokuwa tukihudumu, tulitoa amri ua wa minyaa upunguzwe kabla ya ukaguzi. Askari mmoja kijana alishika panga, akakata tangu asubuhi hadi adhuhuri bila miwani wala glavu. Jua lilipomkalia utosini, alijipangusa jasho usoni kwa kiganja kilicholowa maziwa ya mti. Kwanza alihisi mwasho mdogo, akaona haya kusema. Jioni macho yalikuwa yamevimba. Usiku hakulala. Alfajiri alituambia kwamba taa ya bweni anaiona kama iliyo ndani ya ukungu.

Alipelekwa hospitalini, akatibiwa, na baada ya majuma mawili hivi macho yake yakarudi katika hali yake. Tunayaandika haya bila kujificha, kwa maana kosa halikuwa lake. Yeye alitii amri. Sisi tulioitoa ndio tuliopaswa kujua. Wahenga walinena kwamba usilolijua ni kama usiku wa giza; na kamanda anayewatuma vijana wake gizani hana budi kuwapa taa.

Basi tuseme wazi. Maziwa ya mnyaa ni silaha ya mti huo dhidi ya wanyama. Yakigusa ngozi huiwasha na kuivimbisha. Yakiingia jichoni huunguza utando wa mbele, na maumivu huweza kuzidi kwa muda wa siku nzima hata baada ya jicho kuoshwa. Aliyepuuza tiba aweza kupoteza uwezo wa kuona. Liko na jambo la pili. Mwaka 1958 Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi nchini Uganda, alieleza habari za saratani ya taya inayowapata watoto wa Afrika. Ugonjwa huo unahusishwa na virusi pamoja na malaria, na baadhi ya watafiti waliomfuata wameutaja utomvu wa mnyaa miongoni mwa vitu vinavyoshukiwa kuusaidia. Kwa hiyo watoto wa kambini wasiachwe wavunje matawi hayo mchezoni, wala mtu asipake maziwa yake juu ya jino linalouma au kidonda.

Anayepogoa ua wa minyaa na azishike kanuni hizi kama anavyozishika kanuni za silaha. Kwanza, avae miwani, glavu na shati la mikono mirefu. Pili, asiguse uso hata nzi akimtua puani. Tatu, asimame upande ambao upepo unatoka, na asikate matawi yaliyo juu ya kichwa chake. Nne, matawi yaliyokatwa yasichomwe karibu na watu, kwa kuwa moshi wake nao huwasha macho. Tano, amalizapo aoshe mikono na panga kwa sabuni, maana maji matupu hayaondoi maziwa yale upesi. Na ikiwa ajali imetokea, jicho lisisuguliwe. Lioshwe papo hapo kwa maji safi yanayotiririka, kwa muda usiopungua dakika 15, kisha mgonjwa afikishwe kwa daktari siku ile ile, hata akisema kwamba amepata nafuu.

Baada ya kusema hayo, hatupendi msomaji adhani kwamba tunamshauri aung'oe mti huu. Silaha haitupwi kwa sababu ni hatari. Hutunzwa na mtu aliyefundishwa.

Mnyaa una jamaa wengi mno. Jamii yake ina aina zipatazo 2,000 duniani, na jina lake la kitaalamu linatokana na Euphorbos, tabibu wa Mfalme Juba wa Pili aliyetawala Mauretania ya kale, huko Afrika Kaskazini. Nyingi kati ya zile zenye mashina manene ni za bara letu la Afrika. Watu huzichanganya na dungusi kakati, mimea ambayo asili yake ni Amerika. Dalili ya kuzitenganisha ni nyepesi: jamaa ya mnyaa ikijeruhiwa kidogo tu, hutoka maziwa meupe.

Atakaye kupanda ua nje, hapa Gisenyi, aangalie majira. Mvua zetu kubwa hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Desemba. Wakati mwafaka ni mwisho wa Agosti, ili miche ishike kabla ardhi haijalowa sana. Kata vipande vya urefu wa shubiri mbili au zaidi, chovya ncha iliyokatwa katika maji au jivu ili maziwa yakome, kisha viweke kivulini kwa siku 5 hadi 7 mpaka jeraha likauke. Kipande kinachopandwa kingali kibichi huoza. Kadiri ya sentimita 30 baina ya mche na mche yatosha.

Adui wa miche hiyo ni maji yanayotuama, wala si ukame. Katika hili Gisenyi imejaliwa. Mji huu uko jirani na mlima wa moto Nyiragongo, ule uliolipuka mwaka 1977, 2002 na 2021, na mawe meusi ya volkano, ambayo wenyeji huyaita amakoro, yanapatikana kwa wingi. Yaponde yawe changarawe, uyachanganye na udongo katika tuta lililoinuka, na maji ya mvua yatapita bila kuozesha mizizi. Usipande karibu na bwawa la samaki, kwani maziwa ya mnyaa huwaua. Pogoa kila mwaka wakati wa kiangazi. Mnyaa ulioachwa huwa mti unaopita mita 5, na mti mrefu ndio unaomdondoshea mkataji maziwa usoni.

Kwa askari akaaye chumba kimoja, liko chungu dirishani. Anaweza kuotesha kipande cha mnyaa, au ndugu yake wa Madagaska, Euphorbia milii, mwenye miiba mingi na maua mekundu, aliyepewa jina la Baron Milius, gavana wa kisiwa cha Réunion aliyeupeleka mmea huo Ufaransa mwaka 1821. Chungu kiwe na tundu chini. Tia nusu udongo na nusu changarawe, kiweke penye jua, na usitie maji mpaka udongo umekauka kabisa. Aghalabu mara moja katika siku 10 yatosha, na wakati wa mvua hata chini ya hapo. Mimea mingi ya namna hii hufungua vitundu vyake vya kuvutia hewa usiku na kuvifunga mchana, ili isipoteze maji juani. Kwa lugha yetu, hufanya kazi zamu ya usiku. Ndiyo maana askari aweza kwenda doria kwa majuma 3, akarudi na kuukuta mmea wake hai. Chungu hicho kiwekwe mahali ambapo mtoto hafiki.

Neno moja kwa wenzetu wa polisi na wa mpakani: aina nyingi za mimea hii hulindwa na mkataba wa kimataifa uliotiwa sahihi Washington mwaka 1973. Mmea uliochimbuliwa porini na kuvushwa mpaka wahitaji kibali. Mpenda bustani mwema huomba kipande kwa jirani.

Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, wakati wa Umuganda, askari na polisi hushika mapanga pamoja na raia, na mara nyingi kazi ni kusafisha kandokando ya njia. Siku hiyo hapana budi mkubwa wa kikosi aulize, kabla ya panga la kwanza kuinuliwa: ua huu ni wa mti gani? Miwani iko wapi? Maji safi yako wapi? Maswali hayo matatu hayachukui hata dakika moja. Sisi hatukuyauliza siku ile, na kijana wa watu akakesha usiku kucha akiwa amefunikwa kitambaa machoni.