Vichana vya mafuta vyapanda hadi Upareni: Faida yake iko wapi?

Kichana cha siku hizi hakiuzwi kwa meno yake tu. Katika maduka ya vipodozi ya Kariakoo na kwenye kurasa za biashara za simu, kimoja kinanadiwa kuwa kimepakwa mafuta ya argani ya Morocco, kingine keratini, cha tatu chembe za madini ya fedha zinazoua vijidudu. Zipo pia brashi za kauri na za jiwe la tomalini. Bidhaa ya Kariakoo haikawii kufika Same, mji ulio kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha, na kutoka Same inapanda na abiria hadi Vudee, Suji, Mbaga na Mamba.

Mama ambaye nywele za bintiye zinakatika atalipa zaidi kwa sababu ya maneno yaliyo kwenye pakiti. Anastahili kujua ni kipi katika mpako huo kinachofika kichwani na ni kipi kinachoishia kwenye pakiti. Kichana kina kazi tatu: kupita bila kuumiza unywele, kusambaza mafuta, na kutohamisha ugonjwa kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Mpako unaosaidia mojawapo ya kazi hizo una thamani. Unaoahidi kuotesha nywele au kutibu ngozi unaahidi lisilo lake.

Hewa kavu chini, ukungu juu

Mkazi wa Same mjini na mkazi wa Chome wanaishi wilaya moja lakini nywele zao zinapambana na hali mbili tofauti. Milima ya Pare hunasa mvua na ukungu, na kilele cha Shengena, chenye mita 2,462, kimezungukwa na msitu mbichi wa Chome. Chini yake, Same, Makanya na Hedaru ni nchi ya jua, upepo na vumbi. Hewa kavu hunyonya unyevu wa unywele, na vumbi likichanganyika na mafuta hugeuka uchafu unaoukwaruza kila unapochana.

Unywele umefunikwa na magamba membamba yaliyolaliana kuelekea nchani. Magamba yakitulia, unywele hung'aa na kuteleza. Yakibanduka, hukwama na kukatika. Tezi zilizo kando ya shina hutoa mafuta ya asili ya kuyalinda. Kwa mwenye nywele zilizonyooka, mafuta hayo huteremka bila taabu. Kwa nywele zetu za kipilipili, kila pindo ni kizuizi, hivyo ngozi inaweza kuwa na mafuta ya kutosha ilhali ncha zimekauka kabisa. Tena ni kwenye mapindo hayo ndiko unywele hukatika.

Ndiyo maana wazo la kichana chenye mafuta lina mantiki. Kifaa kinachoyatoa mafuta kwenye ngozi na kuyafikisha nchani kinafanya kazi ambayo maumbile ya nywele zetu yameiacha nusu. Swali ni kama mpako wa kiwandani unaiweza kazi hiyo.

Mpako mmoja baada ya mwingine

Tuanze na mafuta. Kiasi kinachoweza kukaa juu ya meno ya kichana, au kuchanganywa ndani ya plastiki yake, ni kidogo sana. Kila unapochana kinapungua, na sabuni hukiondoa kabisa. Keratini ina tatizo jingine: ni protini, na ikishagandishwa ndani ya plastiki haina njia ya kutoka na kuingia kwenye unywele.

Fedha ina ukweli ndani yake. Ayoni za fedha hushambulia bakteria wanaotua juu ya kichana, na hospitalini madini haya hutumika hata kwenye vifaa vya kufungia vidonda. Lakini fedha iliyo kwenye jino la kichana inakilinda kichana. Haigeuki kuwa dawa ya ngozi. Mba na mabaki ya jeli yakishayafunika meno, hata ulinzi huo unakoma. Kichana cha fedha kisichooshwa ni kichana kichafu cha bei ghali.

Kauri na tomalini zina nafasi yake kwenye brashi ya duara inayotumika na drayer, kwa sababu kauri husambaza joto bila kuliacha liunguze sehemu moja. Asiyetumia drayer hana haja nayo.

Mpako wenye faida iliyo wazi zaidi ndio usionadiwa sana: ule unaolainisha meno ili yateleze. Vichana vingi vya bei ya chini hutoka kwenye kalibu vikiwa na mstari mkali uliobaki pale pande mbili za plastiki zilipokutana, na mstari huo ndio unaoparua magamba ya unywele. Kabla ya kununua, pitisha soksi laini ya nailoni kati ya meno. Ikinasa, nywele nazo zitanasa. Mpako laini ukianza kubanduka, kichana hicho kimekwisha kazi, kwa sababu kingo zake zilizopasuka ni mbaya kuliko plastiki tupu.

Mbao iliyopigwa msasa vizuri na pembe ya ng'ombe hazihitaji mpako wa kiwandani. Hazijazi nywele umeme tuli kama plastiki, jambo linaloonekana sana kiangazi, nywele zinapokimbiana na kichana. Mpingo, mti mzito kiasi cha kuzama majini, husuguliwa mpaka ukang'aa, na pwani yetu ina mapokeo marefu ya vichana vya kuchongwa. Ila mbao haipendi kulowekwa. Inavimba na kupasuka, na nyufa huhifadhi uchafu. Kwa hiyo kichana cha mbao ni cha mtu mmoja nyumbani. Kwa saluni, plastiki ngumu au chuma ndivyo vinavyovumilia kuoshwa mara nyingi kwa siku.

Yupo pia mnyama ambaye pakiti nyingi hazimtaji kwa Kiswahili. Brashi laini ambazo vijana hulazia nywele mpaka zitoe mawimbi mara nyingi zina nywele za nguruwe, kwa sababu zinasambaza mafuta ya ngozi vizuri. Katika wilaya yenye Waislamu wengi, na Wasabato ambao kanisa lao lina mizizi Upareni tangu wamisionari wa Kijerumani walipofika mwaka 1903, hilo si jambo dogo. Mnunuzi ana haki ya kuuliza, na muuzaji anapaswa kujua. Zipo brashi za nailoni na za nyuzi za mimea. Mkonge unaolimwa hapa hapa Ndungu ni mkali mno kwa ngozi ya kichwa, hivyo ubaki kwenye brashi za kusugulia.

Nazi, nyonyo, mwarobaini na tangawizi

Mpako bora wa kichana ni ule unaoupaka mwenyewe na kuuosha mwenyewe. Mafuta ya nazi yana ushahidi wa kisayansi. Mwaka 2003 watafiti wa India, Aarti Rele na R. B. Mohile, walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini. Ni ya nazi peke yake yaliyopunguza upotevu wa protini ya unywele, yakipakwa kabla au baada ya kuosha. Sababu ni asidi ya lauriki, ambayo molekuli zake ni ndogo na zimenyooka, hivyo hupenya hadi ndani. Weka matone mawili matatu kiganjani, pitisha kichana cha meno mapana katikati ya viganja, kisha anza kuchana nchani ukipanda taratibu kuelekea kwenye ngozi. Hakuna kiwanda kitakachokupa mpako mpya kila asubuhi namna hiyo.

Mafuta ya nyonyo, yatokanayo na mbarika, ni mazito na huufunika unywele usipoteze unyevu. Yanafaa kwa ncha kavu za watu wa Same chini. Kwamba yanaotesha nywele, hakuna utafiti thabiti unaothibitisha. Na mwenye mba asidhani kuongeza mafuta kwenye ngozi kutamponya. Mba huhusishwa na hamira iitwayo Malassezia, ambayo chakula chake ni mafuta hayo hayo. Kinachomsaidia ni shampuu yenye ketokonazoli au zinki pairithioni, ikiachwa kichwani dakika chache kabla ya kusuuzwa.

Vichana vya mbao ya mwarobaini vinasifiwa sana India, na mti huo hustawi vizuri katika nchi kavu kama Same. Fundi seremala wa hapa anaweza kuchonga kichana kizuri kutokana nao, na itakuwa biashara halali. Ila asiahidi tiba, kwa kuwa kiambata chake mashuhuri, azadiraktini, kimejaa kwenye mbegu zaidi kuliko kwenye mbao.

Linalowagusa watu wa Same zaidi ni tangawizi. Mamba Myamba na vijiji jirani vinaishi kwa zao hilo, na shampuu za tangawizi zinauzwa duniani kote kwa madai ya kukuza nywele. Mwaka 2013 watafiti wa China walichapisha matokeo ya kiungo chake kikuu, jinjeroli, na yalikuwa kinyume cha madai hayo: kilizuia unywele wa binadamu kukua maabarani, na kilipunguza kasi ya kuota kwa nywele za panya. Majaribio hayo hayakufanywa juu ya vichwa vya watu, lakini yanatosha kumtahadharisha yeyote anayetaka kupaka maji ya tangawizi kwenye kichana cha mtoto. Tangawizi yetu ina soko kubwa jikoni na kwenye chai. Haihitaji kusingiziwa kazi nyingine.

Kichana cha wengi

Yote hayo ni madogo mbele ya jambo moja ambalo hakuna mpako unaolimaliza: kichana kimoja kwa vichwa vingi. Mapunye ni ugonjwa wa fangasi unaowapata sana watoto wa umri wa shule ya msingi. Mbegu zake hukaa kwenye vichana, brashi, kofia na mashine za kunyolea kwa miezi zikisubiri kichwa kingine. Mwanafunzi aliyenyolewa kipara hana haja ya kichana, lakini mashine iliyomnyoa na brashi iliyomfagia shingoni zimetoka kwa mwenzake dakika chache zilizopita.

Mapunye hayaponi kwa krimu peke yake, kwa sababu fangasi huingia ndani ya unywele na shina lake ambako krimu haifiki. Tiba ni vidonge au dawa ya maji ya kunywa, kama griseofulvini, kwa wiki sita hadi nane au zaidi kadiri mganga atakavyoelekeza. Mzazi anayemaliza fedha kwenye krimu, mafuta na vichana vya dawa anampa fangasi muda wa kuenea, na makovu yanayobaki yanaweza kumnyima mtoto nywele mahali hapo maisha yake yote.

Kinyozi anaweza kufanya mengi kwa gharama ndogo. Ondoa nywele zilizonasa, osha kichana cha plastiki kwa maji na sabuni, kiloweke dakika 10 katika dawa ya klorini, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, kisha kisuuze. Sabuni itangulie, kwa kuwa klorini hushindwa na uchafu. Meno ya mashine yasilowekwe humo, yatashika kutu. Yapigwe brashi na kupanguswa kwa spiriti. Awe na vichana vya kutosha ili kimoja kiwe kwenye dawa wakati kingine kinatumika. Msusi naye asichane kwa nguvu wala kukwaruza ngozi kabla ya kupaka dawa ya kulainisha nywele. Mikwaruzo hiyo hugeuka vidonda dawa ikigusa.

Kwa miaka mingi, kisingizio cha Same kilikuwa uhaba wa maji, na kilikuwa cha kweli. Mradi wa Same, Mwanga na Korogwe unaovuta maji kutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu ulizinduliwa Machi 2025. Pale bomba linapotoa maji, saluni haina tena sababu ya kupitisha kichana kimoja kutwa nzima bila kukiosha.

Utaalamu nao uko karibu. Moshi, katika Hospitali ya KCMC, kuna Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, kilichofunguliwa mwaka 1992, ambacho kimefundisha wahudumu wa afya kutoka nchi nyingi za Afrika. Hapo ndipo pia hutengenezwa mafuta ya kujikinga na jua ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Hiyo ni ithibati kwamba bidhaa nzuri ya ngozi inaweza kutoka mkoani Kilimanjaro ikitanguliwa na upimaji.

Shirika la Viwango Tanzania, lililokabidhiwa udhibiti wa vipodozi mwaka 2019, lidai ushahidi kwa kila kichana kinachotangazwa kutibu, kama linavyopaswa kudai kwa krimu. Halmashauri ya Same iwakutanishe vinyozi na wasusi na maofisa afya, na wakaguzi wapite saluni kama wanavyopita migahawa. Walimu wakague vichwa mwanzo wa kila muhula na kuwapeleka zahanati wenye mabaka bila kuwaaibisha. Na mzazi mwenye fedha ya kichana kimoja cha argani anunue vichana vya kawaida vyenye meno laini, kimoja kwa kila mtoto, aandike jina kwenye kila kimoja, na fedha itakayobaki anunue chupa ya mafuta ya nazi.