Kabati la Kalamu Hupimwa Kuanzia Ndani

Kipande cha mpingo chenye upana wa milimita 19 na urefu wa milimita 127 hakitoshi kuchongwa klarineti, lakini kinatosha kabisa kutoa kalamu. Ndiyo maana wakereza wa kalamu huko Uingereza na Marekani huvisaka vipande vya namna hii, vile vidogo ambavyo watengenezaji wa ala za muziki hawavihitaji. Hukitoboa kipande katikati, wakagundisha ndani yake bomba jembamba la shaba, wakakifunga kwenye mashine ya kukereza na kukichonga kikiwa kinazunguka hadi kipate umbo la kalamu. Anayeonja kazi hiyo haishii kalamu moja. Zikifika ishirini, bilauri ya mezani haizitoshi tena.

Hata zingeenea, bilauri si mahali pake. Vishikizo vya chuma hukwaruza vanishi ya kalamu jirani, na kalamu ya wino iliyosimamishwa nibu ikiwa chini huvujia kwenye kifuniko chake. Kinachofaa ni kabati dogo la droo, ambamo kila kalamu hulala kwenye mfuo wake bila kugusana na mwenzake. Kulijenga nyumbani hakuhitaji karakana kubwa. Msumeno, randa, keekee, patasi, msasa, gundi ya mbao na jiliwa chache vinatosha.

Wengi huanza kwa kukata boksi la kupendeza, kisha ndipo wanatafuta namna ya kuzipanga kalamu ndani yake. Njia hiyo hupoteza mbao. Seremala mwenye uzoefu huanza na kalamu ndefu kuliko zote na nene kuliko zote, anazipima, kisha vipimo vyote vya kabati vinafuata kutoka ndani kwenda nje.

Tuseme kalamu ndefu ina milimita 150 na nene ina milimita 14. Kila kalamu ikipewa nafasi ya milimita 25, vidole vitaweza kuiokota bila kuzisukuma za pembeni. Kalamu 12 kwa safu moja zitahitaji droo yenye upana wa milimita 300 kwa ndani, na kina cha milimita 170 kutoka mbele kwenda nyuma. Mbao za ubavuni zenye unene wa milimita 10 zinaufikisha upana wa nje wa droo kuwa milimita 320. Kabati lenyewe, kwa hiyo, litakuwa na milimita 322 kwa ndani, yaani milimita moja ya kupumulia kila upande. Droo 5 za kimo cha milimita 35 zitabeba kalamu 60, na kabati zima litakaa kwenye kona ya meza.

Mifuo ndiyo huwatisha wanaoanza, kwa kuwa wanadhani ni lazima wachimbe kila mmoja kwa patasi. Hakuna haja. Chukua ufito wa mbao wenye urefu wa milimita 300, upana wa milimita 30 na unene wa milimita 10. Piga mstari katikati ya upana kutoka mwisho hadi mwisho. Toboa mashimo 12 ya milimita 16 juu ya mstari huo, la kwanza likiwa milimita 12.5 kutoka ukingoni na mengine yakifuatana kila baada ya milimita 25. Kisha upasue ufito kwa msumeno kwenye mstari uleule. Utapata fito mbili zenye nusu-duara zinazolingana: moja itakaa mbele ya droo, nyingine nyuma, na kalamu zitalala juu ya zote mbili.

Reli za chuma hazina kazi hapa, kwani droo ni nyepesi. Kinachotakiwa ni kuchimba mfuo kwenye kila ubavu wa droo na kugundisha ufito mwembamba ndani ya kabati, droo iteleze juu yake. Mshumaa ukisuguliwa kwenye ufito huo, droo huteleza bila kukwaruza. Kabla gundi ya boksi haijakauka, pima kutoka pembe hadi pembe inayoielekea, pande zote mbili. Vipimo viwili vikilingana, boksi limenyooka. Visipolingana, droo zitakwama.

Kuhusu mbao, mpingo uachiwe kalamu. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, mti wake hukua polepole na mara nyingi umepinda, na tangu Januari 2017 biashara yake ya kimataifa iko chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES. Kwa kabati, mninga unafaa zaidi, kwa sababu ni miongoni mwa mbao zinazosinyaa kidogo sana, na mafundi wa Keko jijini Dar es Salaam wanaufahamu vizuri. Ondoa tu sehemu nyeupe ya nje, kwani bungua huipenda. Mtiki nao hutulia vizuri. Chini ya droo weka plaiwudi ya milimita 4.

Mbao zote, hata hizo, hazitulii moja kwa moja. Ubao hunyonya unyevu wa hewa na kuutoa, ukitanuka na kusinyaa kwa upana wake huku urefu ukibaki karibu vilevile. Ubao uliokaushwa Dodoma utavimba ukifika Unguja, na wa Tanga utasinyaa ukipelekwa Dodoma. Kwa hiyo mbao zikae wiki kadhaa kwenye chumba ambamo kabati litatumika kabla hazijakatwa. Ile milimita moja ya ubavuni isiibwe ili droo ionekane imebana vizuri. Msimu wa mvua utakapofika, itahitajika.

Jambo lisiloonekana kwa macho ni hewa ya ndani. Watunzaji wa makumbusho wamejua kwa miaka mingi kwamba baadhi ya mbao, mwaloni hasa, hutoa asidi inayokula metali ndani ya kabati lililofungwa. Mwaka 1973, Andrew Oddy wa British Museum alibuni jaribio la kuvichunguza vifaa vya kabati kwa vipande vya metali kabla havijawekwa karibu na vitu vya thamani. Mwenye kalamu anaweza kufuata funzo hilo bila maabara. Atandike kitambaa cha pamba badala ya sufu, kwa sababu sufu ina salfa inayoifanya fedha kuwa nyeusi. Kalamu za eboniti, ambayo ni mpira uliokolezwa salfa, zikae droo tofauti na zenye mapambo ya fedha. Na kalamu kuukuu za seluloidi ziwe mahali penye upepo, maana hutoa mvuke unaoharibu zilizo jirani.

Ndani ya droo usipake mafuta ya kitani. Hukauka polepole na harufu yake hukaa muda mrefu. Vanishi au shelaki kwa nje inatosha, kisha kabati liachwe wazi mpaka harufu iishe kabisa. Liwekwe mbali na dirisha, maana jua hubadilisha rangi ya mbao na kuifanya eboniti nyeusi kuwa ya kahawia. Kalamu za wino zioshwe na kukaushwa kabla ya kulazwa humo kwa muda mrefu. Wino uliokauka ndani ya nibu ni kazi kuutoa.

Anayetaka kujaribu asikate mbao zote kwa mpigo. Atengeneze droo moja kwanza, azilaze kalamu zake zote nene na ndefu, aifunge na kuifungua mara kadhaa, kisha arekebishe vipimo kabla ya kugusa mbao za droo nne zilizobaki.