Kikulacho ki Nguoni mwa Fundi

Magari ya kale yana wapenzi wake, na mimi ni mmoja wao. Nani asiyezisikia sifa za Peugeot 404, iliyoshinda Safari Rally miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968? Magari ya zama zile yangali barabarani hapa na pale, na mafundi wetu ndio wanaoyahuisha. Lakini chini ya boneti za baadhi yake mna adui aliyejificha, nami namtaja ili ajulikane: asbesto.

Nilipopita Matiliku, huko Makueni, nilimkuta fundi kijana kivulini akiifungua gari ya zamani. Alikuwa akibandua kwa bisibisi mkeka mweupe uliochakaa, uliowekwa kati ya injini na chumba cha abiria kuzuia joto. Mabaki akayapuliza kwa kompresa, vumbi likatanda.

"Fundi, wakijua unachokipuliza?" nikamwuliza.

"Ni pamba ya joto tu, mzee," akanijibu.

Huenda si pamba. Asbesto ni madini ya mawe yenye nyuzi nyembamba mno, yasiyoungua kwa moto. Kwa sifa hiyo viwanda vya zamani viliitia katika mikeka ya joto, gasketi za ekzosi, breki na klachi. Nyuzi zikikatika huelea hewani zisionekane, na mtu akizivuta hukwama mapafuni. Saratani itokanayo nazo yaweza kungoja miaka 20, 30 au 40 kabla ya kujitokeza. Ndiyo maana utasikia watu wakisema, "Mbona baba aliifanya kazi hii wala hakudhurika?" Ugonjwa umekawia, haukusamehe.

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Hapa methali imekuwa kweli tupu, kwani vumbi hili huenda nyumbani na ovaroli, na mke anayeifua au mtoto anayempokea babake mlangoni hulivuta pia.

Basi tufanyeje? Kwa macho huwezi kuijua asbesto, maabara ndiyo huithibitisha. Mkeka wa zamani usioujua asili yake, uhesabu kuwa ni asbesto. Ulowanishe kwa maji yenye sabuni kidogo, kisha uutoe mzima mzima, bila kuukwangua wala kuupuliza. Leso puani haitoshi. Yatakiwa barakoa yenye kichujio cha vumbi jembamba. Pangusa kwa kitambaa kibichi, usifagie. Taka zitiwe katika mifuko miwili mizito ya plastiki na kuandikwa. Kenya iliihesabu asbesto kuwa taka ya hatari katika kanuni za mwaka 2006, kwa hiyo haifai kutupwa jalalani wala kuchomwa. NEMA ndiyo ya kuulizwa ipelekwe wapi. Ovaroli ivuliwe pale pale gereji.

Badala yake pana mikeka ya nyuzi za kioo yenye karatasi ya alumini. Hiyo nayo huwasha ngozi, hivyo glavu na barakoa zisiachwe.

Neno langu la mwisho nawaambia wenye magari. Tunalipia rangi na viti vya ngozi bila kunung'unika, kisha twapatana na fundi mpaka shilingi ya mwisho. Barakoa na gharama za kutupa taka ziingie katika hesabu yetu sisi, si yake. Gari likiharibika hupatikana jingine. Mapafu ya fundi hayana spea.